Matuta ya Kannika

Pilipili kavu zilipoanza kuungua pamoja na chumvi ya mawe, moshi ulipanda juu ya ukuta ukaingia jikoni kwa jirani. Lamyong alisikia kikohozi, kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo.

"We Lamyong! Unataka kutuzika?" Mama Samruai alichungulia juu ya ukuta, pua ameiziba kwa kona ya kitambaa chake. "Unamlaani nani leo?"

"Yuleyule."

"Jana yuleyule, juzi yuleyule! Na mtu mwenyewe nimemwona sokoni, amenona kama nguruwe wa harusi."

"Basi nitaongeza chumvi."

"Ongeza akili, mwanangu. Laana ikikataa kumshika mtu, humgeukia aliyeituma. Na mimi pilipili nazihitaji, nauza saladi ya papai, sichomi watu."

Lamyong alicheka kidogo kwa pua, akageuza makaa. Alijua jirani yake hasemi kwa ubaya. Mama Samruai ndiye aliyemkanda mgongo usiku ule maiti ya Kannika ilipoletwa, na ndiye aliyepika wali wa kunata wa watawa na wageni msiba mzima. Lakini hata mtu mwema huchoka na chuki ya mwenzake, kama anavyochoka na kikohozi chake.

Yuleyule alikuwa Mwalimu Thawatchai, mkuu wa idara ya meno katika chuo kimoja kando ya mto Mun. Lamyong alifanya kazi chini yake, akitunza nyumba ya panya: kuwalisha, kuwaoshea vizimba, kuwapandisha, na kuandika kadi ya kila jike mwenye mimba. Kannika, mdogo wake wa pekee, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika idara hiyohiyo. Mama yao alifariki Kannika akiwa bado ananyonya kidole. Lamyong alimaliza sekondari, akafunga madaftari yake na kwenda kuosha vizimba, ili mdogo wake asome mpaka pale elimu inapoishia.

Elimu yake iliishia kwenye homa ya dengi, msimu wa mvua. Aliingia hospitali akitembea, akilalamika kwamba ameacha kazi mezani.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha. Lamyong aliisikia kwanza wakiwa wanakula, mikono yote miwili imejaa wali.

"Dada, weka ulimi juu, nyuma ya meno. Unahisi nini?"

"Pilipili."

"Ukiacha pilipili!"

"Mikunjo. Kama mchanga wa mtoni maji yakishapungua."

"Hayo ndiyo matuta ya kaakaa. Haya niambie, yalifikaje humo?"

"Nitajuaje? Nilizaliwa nayo."

"Kila mtu alizaliwa nayo, wala hakuna anayeuliza." Kannika aliramba vidole, akasogea mbele kama mtu anayetaka kusengenya. "Kijusi cha panya mwanzoni kaakaa lake ni laini, kama ngozi ya ndani ya yai. Kisha tuta moja linavimba. Halafu jingine. Hayaji kwa mkupuo. Sasa bahatisha: tuta jipya linazaliwa wapi?"

"Nyuma ya mengine. Kama foleni."

"Ndivyo kila mtu anavyodhani! Hapana. Lile tuta la nyuma kabisa, la kuelekea kooni, linafika mapema na halibanduki. Mapya yanatokea mbele yake tu, moja baada ya jingine, na yaliyotangulia yanasukumwa mbele kadiri mdomo unavyorefuka."

Lamyong alifikiri. "Kama shangazi aliyeketi mlangoni kwenye sherehe, amekataa kuhama. Kila mgeni mpya anabanwa mbele yake."

Kannika alipiga meza mpaka bakuli la mchuzi likaruka. "Huyohuyo! Shangazi wa mlangoni!" Tangu siku hiyo hakuliita tuta lile kwa jina jingine. "Na unajua kwa nini hayagusani? Kila tuta linaiita ngozi ivimbe, papo hapo linaikataza ngozi ya jirani isivimbe. Ni kama Mama Samruai na meza yake pale sokoni. Nani atathubutu kutandika papai karibu naye?"

"Atamwagiwa mchuzi wa samaki."

"Haya. Mpaka barabara irefushwe ipatikane nafasi, ndipo muuzaji mwingine anaingia."

"Na ukimwondoa Mama Samruai?"

Kannika akatabasamu kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni. Alikuwa ameshajaribu. Alikuwa amekata tuta moja katika kipande cha kaakaa alichokiweka hai ndani ya kisahani, akasubiri. Matuta ya jirani yalitoa matawi, yakaingia katika pengo, yakaliziba.

Baada ya mazishi Lamyong alilikumbuka jambo hilo mara nyingi. Kwake yeye pengo lilibaki pengo. Hakuna tawi lililokuja kutoka upande wowote.

Kilichokuja ni bango. Kabla hawajamaliza hata kumsomea marehemu dua za siku ya mia, Lamyong alifika kazini asubuhi akakuta kitambaa kikubwa cha plastiki kimefungwa juu ya lango la idara. Sura ya Mwalimu Thawatchai ilikuwa kubwa kuliko gurudumu la trekta, amevaa nishani, na chini yake maneno ya dhahabu: idara inampongeza kwa kugundua jinsi matuta ya kaakaa yanavyoumbika. Watu walipiga picha chini yake. Wengine walimvisha mashada ya maua shingoni. Jina la Kannika halikuwepo juu, wala chini, wala kwa herufi ndogo pembeni.

Lamyong aliingia ofisini kwake bila kuagizwa.

"Mwalimu, kazi ile ni ya mdogo wangu."

Thawatchai hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alimwonyesha kiti, akasema kwa sauti ya mtu anayefariji, "Lamyong, marehemu alikuwa na mikono mizuri sana. Hilo nitalisema popote. Lakini mikono si kichwa. Mwanafunzi ni tawi, mwalimu ndiye mti."

"Jina lake liandikwe tu."

"Aliyekufa ana haja gani na cheo? Mfanyie thawabu hekaluni. Nitachangia."

Alitoka mle akiwa amekunja viganja mbele ya uso, kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa, na katika uwazi kati ya viganja vile aliweka kisasi chake.

Alichoma pilipili na chumvi. Alipeleka jina la Thawatchai kwenye mizimu ya mti wa njia panda. Hakuna kilichotokea. Mtu alinenepa, akanunua gari jeupe, akaanza kutajwa kwamba atapewa cheo kikubwa cha uprofesa. Lamyong akaelewa kwamba mizimu nayo huwapendelea wenye nishani. Akaacha kuisumbua.

Nafasi aliletewa na Thawatchai mwenyewe, kwa mdomo wake.

Kila mwaka idara ilifanya thawabu kwa ajili ya wanyama waliokufa maabarani. Watawa walialikwa wakasoma, watu wakaweka nafaka na matunda mbele ya meza, wakaomba radhi kwa panya waliotoa uhai wao. Mwaka huu Thawatchai alitaka sherehe iwe kubwa. Alimwalika Profesa Orawan kutoka Bangkok, mwenyekiti wa jopo litakaloamua juu ya cheo chake. Kabla ya watawa kusoma, alisema, wageni wataona kwa macho yao jinsi matuta yanavyozaliwa kwa zamu.

"Nataka majike watatu," alimwambia Lamyong akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya panya. Hakuingia ndani, harufu ilimkera. "Mmoja mwenye mimba changa, wa pili imesogea, wa tatu imekomaa zaidi. Na kadi ziwe sahihi. Siku moja kwa panya ni kama wiki mbili kwa mwanamke. Zikichanganyika nitaaibika."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Nakuamini. Hata marehemu alikuwa akisema, kadi za dada hazikosei."

Huenda alidhani amemsifu. Lamyong alibaki amesimama, ufagio mkononi, mpaka nyayo zake zilipotoweka.

Ni kweli kadi zake hazikukosea kamwe. Kila asubuhi aliwakagua majike waliolala na madume, akatafuta alama ambayo dume huiacha, na siku alipoiona ndipo hesabu ilipoanza. Aliandika tarehe, akaning'iniza kadi kwenye kizimba. Idara nzima ilitembea juu ya kadi zile kama watu wanavyotembea juu ya daraja, bila kutazama chini.

Kannika peke yake ndiye aliyekuwa akitazama chini. "Usinune, dada," alimwambia siku moja alipomkuta anachunguza vijusi kimoja kimoja ingawa kadi ilikuwepo. "Nakuamini wewe. Kadi ndiyo siiamini, haina vidole. Kijusi kinacho. Mwanzoni mkono wake ni kama kasia. Baadaye kasia linaingia mikato. Baadaye vidole vinaachana. Mikono haidanganyi umri. Atakayefanya kazi hii bila kutazama mikono, siku moja ataumbuka."

Maneno hayo Lamyong alikuwa nayo siku zote. Sasa yaligeuka kuwa makali. Akibadilisha kadi, jike mwenye mimba changa akapewa kadi ya mimba kubwa, na yule wa mimba kubwa akapewa kadi ya changa, hila hiyo mtu aliyeifanya kazi hii kweli ataigundua mara tu atakapotazama mikono. Kama kazi ni yake, atanishika, Lamyong aliwaza. Kama si yake, atajishika.

Alizibadilisha mchana kweupe, redio ikiimba. Majike walikuwa wakitafuna mbegu. Yule mkubwa alisimama kwa miguu ya nyuma, akamnusa kidole.

"Mngekufa hata hivyo," Lamyong alimwambia. Neno lile halikumtuliza yeye wala panya. Akafunga mlango.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Viatu vilirundikana mlangoni. Watawa walikuwa chumba cha pili wakinywa chai, wakisubiri. Mbele kuliwekwa hadubini iliyounganishwa na kioo kikubwa ukutani, ili kila mtu aone. Kwenye hadubini aliketi Sumali, mwanafunzi wa shahada ya juu, aliyewahi kushirikiana meza moja na Kannika kwa miaka. Mwaka mzima huu Sumali alikuwa akimkwepa Lamyong kwenye korido, macho yakitazama sakafu.

Thawatchai alisimama akiwaelekea wageni, mgongo kwa meza. Alizungumza vizuri. Alisema juu ya matuta yanayoitana na kukatazana, na watu wakatikisa vichwa kwa utamu wake. Lamyong, aliyekuwa ukutani pamoja na wafanyakazi wengine, alitambua sentensi nzima nzima. Baadhi zilikuwa na harufu ya mchuzi wa nyumbani kwao.

"Sasa tuanze na mimba changa," Thawatchai alisema. "Hapa mtaona matuta machache sana."

Sumali alichukua kijusi cha kwanza, kilichokwisha kutolewa tumboni mwa jike. Akakitazama. Akaitazama kadi. Lamyong aliona mkono wake wenye koleo ukisimama hewani. Vidole vya kijusi kile vilikuwa vimeshaachana kama vidole vya mtoto.

"Mwalimu..." Sumali alisema.

"Nini?" Thawatchai hakugeuka. Alikuwa bado anatabasamu kwa wageni.

Kwetu mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mbele ya watu. Hata nyumba ikiungua, atasubiri mwalimu amalize sentensi.

"Hakuna, Mwalimu."

Akakata, akakitia kiwiliwili ndani ya chupa ya dawa, akaliweka kaakaa chini ya hadubini. Ukutani kikatokea kitu kikubwa chenye rangi ya waridi, kimejaa matuta kutoka mbele hadi nyuma, kama shamba lililolimwa likakamilika.



"Hayo ndiyo machache?" Profesa Orawan aliuliza. Alikuwa mama mnene, mfupi, bingwa wa kunyoosha meno ya watu wazima, na hakuwa na mazoea ya kunong'ona.

"Ah, pengine huyu amewahi," Thawatchai alisema. "Panya nao wana haraka zao. Sumali, wa pili."

Wa pili alikuwa na kadi yake halisi, matuta yake yakawa ya wastani. Thawatchai akapumua. "Mnaona? Sasa mimba iliyokomaa. Hapa matuta yote yapo."

Sumali aliweka wa tatu. Ukutani kaakaa likatokea karibu tupu. Tuta moja mbele, moja nyuma, na kati yao ngozi laini iliyong'aa.

"Mwalimu Thawatchai," alisema Profesa Orawan, "huyu mkubwa matuta yake yako wapi? Ameyameza?"

Watu walicheka. Hakuna kicheko kinachouma kama kile cha watu waliovaa nguo za sherehe. Thawatchai aligeukia kioo, akakitazama kama mtu anayetazama nyumba yake akakuta mlango mwingine. Alisema taa ni mbaya. Alisema dawa imeyayeyusha matuta. Alimgeukia Sumali, akamwuliza kama ana macho. Hakusema neno lolote juu ya mikono. Chupa ilikuwa hapo mezani, vijusi vimelala ndani yake, mikono yao ikionekana wazi, wala hakuitupia jicho.

Lamyong alihisi utamu ukimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Anazama, aliwaza. Zama. Zama na nishani zako.

"Tuwe wakweli," alisema Profesa Orawan, sasa bila mzaha. "Kama hili ndilo ulilolitangaza, mbele yetu hapa limekwenda kinyume. Uliliona wapi wewe?"

Jasho lilikuwa limeshalowesha ukosi wa Thawatchai. Akatazama huku na huku, kisha uso wake ukapata utulivu, kama wa mtu aliyeona mlango wa nyuma.

"Mheshimiwa, nitasema ukweli, ingawa unaniuma," alisema. "Kazi hii sikuifanya mimi. Kukata, kuhesabu, kupanga, yote aliifanya mwanafunzi wangu marehemu, anaitwa Kannika. Mimi niliweka jina langu kwa ajili ya idara. Nilimwamini kama mwanangu. Sasa naona alinidanganya. Inaelekea alibuni tu, apate shahada haraka. Sipendi kumsema mtu aliyekufa."

Watu walitoa sauti ya huruma. Mama mmoja wa mstari wa mbele alitikisa kichwa. Masikini mwalimu, kaponzwa na mwanafunzi.

Kwa mwaka mzima Lamyong alikuwa ameota kulisikia jina lile likitamkwa katika ukumbi huu. Sasa limetamkwa, na limetoka limevikwa nguo za mwizi. Utamu wote uligeuka jivu mdomoni. Alikuwa amechoma nyumba ya adui yake, na aliyekuwa amelala ndani ni mdogo wake.

Akinyamaza, Thawatchai atapoteza cheo kwa mwaka mmoja, kisha atahurumiwa, kisha atapewa. Na Kannika atakuwa mwongo milele, hana mdomo wa kujitetea. Akisema, atapoteza kazi, na huenda mtu huyu akainuka tena juu ya kazi ileile. Kisha akayarudia moyoni maneno aliyoyasikia hivi punde, moja moja, kama mtu anayepepeta mchele, na kati ya makapi akaona punje.

Alitoka ukutani.

"Mwalimu," alisema, "samahani. Hilo jina sijalisikia vizuri. Rudia."

"Lamyong, si wakati wake."

"Aliyeifanya kazi ni nani?"

"Nimeshasema. Kannika."

"Yote?"

"Yote!"

"Hata ya kukata tuta na kusubiri? Wewe mkono wako haumo?"

"Haumo hata kidogo!" Thawatchai alipaza sauti ili jopo lisikie. "Mimi sikugusa kitu. Ni yeye, mwanzo hadi mwisho!"

Lamyong alimgeukia Profesa Orawan, akakunja viganja, akainama. "Mama Profesa, mmesikia nyote?"

"Tumesikia," alisema Orawan polepole. Macho yake yalikuwa yameanza kusinyaa. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtunza panya. Kannika ni mdogo wangu. Na hakukosea. Kadi nimezibadilisha mimi. Changa nimeipa ya kubwa, kubwa nimeipa ya changa, kwa makusudi, ili mwalimu huyu aaibike. Mwenye kazi angeligundua, maana mikono ya vijusi inaonyesha umri. Vimo ndani ya chupa hiyo. Vitazameni."

Ndipo kiti kikakwaruza sakafu. Sumali alikuwa amesimama. Alivitoa vijusi kwenye chupa kwa koleo, akavipanga kwenye sahani nyeupe, akaisogeza sahani chini ya hadubini. Ukutani ikatokea mikono: kasia, kasia lenye mikato, vidole. Kisha akapanga makaakaa kwa kufuata mikono, wala hakugusa kadi. Matuta mawili. Kisha mengi zaidi. Kisha shamba zima. Na katika yote matatu, nyuma kabisa, lile tuta moja halikuwa limebanduka.

"Shangazi wa mlangoni," Sumali alisema kwa sauti ndogo. Machozi yalikuwa yakimchuruzika bila kufutwa. "Ndivyo alivyoliita. Nilijua, dada. Mikono niliiona leo, na kazi niliijua ni yake tangu zamani. Niliogopa."

Lamyong aligeuza uso. Huruma kwake ilikuwa kisima kilichokauka, na leo hakikuwa na tone la ziada.

"Basi mnaona!" Thawatchai alijitosa mbele, sura imechangamka ghafla. "Ugunduzi ni sahihi! Niliwaambia tangu mwanzo kwamba..."

"Uliniambia kwamba alibuni," Profesa Orawan alimkata. "Kisha ukaniambia hukugusa kitu. Umelisema mara tatu, na mara ya mwisho ulipiga kelele." Alifunga mkoba wake. "Jina litarekebishwa. Hilo nitalisimamia mwenyewe."

"Litatangulia?" Lamyong aliuliza.

"Litakuwa peke yake." Kisha mama yule alimtazama Lamyong, na hakukuwa na tabasamu katika mtazamo ule. "Na wewe, unajua ulichofanya? Umeua wanyama kwa ajili ya ugomvi wako. Kesho mtu mwingine angeiamini kadi yako akipima dawa ya wagonjwa. Huwezi kubaki katika nyumba ile."

"Najua."

"Hujutii?"

"Kwa panya, ndiyo."

Watawa waliitwa. Watu waliingia chumba cha pili kwa minong'ono, kila mmoja akitafuta kukaa mbali na mkuu wa idara kama kwamba ana upele. Lamyong alibaki nyuma kidogo kwenye korido, akifunga vifungo vya koti lake la kazi ambalo hatalivaa tena. Hapo Thawatchai alimfuata.

Alikuwa amevua nishani. Alimkaribia, akatazama nyuma kama kuna mtu, kisha akafanya jambo ambalo Lamyong hakuwahi kuliona kwa mkubwa wa aina yake: alikunja viganja mbele ya uso, akamwinamia yeye, mtunza panya.

"Dada Lamyong," alisema. Hajawahi kumwita dada. "Tusameheane. Mimi nimepoteza, wewe umepoteza. Tulimalize hapa, lisitufuate katika maisha yajayo. Sema tu kwamba umeniachia."

Ni maneno yanayosemwa kwetu hata na maadui wakubwa, na mtu akiombwa hivyo siku ya thawabu ni vigumu kukataa. Anayekataa hujifunga mwenyewe kamba na mwenzake, wazaliwe tena wakitafutana. Hata mama yake alimfundisha hivyo. Humo ndani watawa walikuwa wameanza kusoma, sauti zao nzito zikitembea chini ya sakafu.

Lamyong alimtazama utosini, nywele zilizoanza kuwa chache. Aliutafuta moyoni mwake msamaha, kwa kweli aliutafuta, kama mtu anayepekua kabati kwa ajili ya mgeni. Akamkuta Kannika, mikono imejaa wali, anapiga meza kwa kicheko.

"Kalimalize na Kannika," alisema.

"Kannika amekufa, dada."

"Basi subiri."

"Unataka tufuatane kweli? Maisha na maisha?"

"Nataka," alisema Lamyong. "Haya hayatoshi."

Alimpita, akaingia kwenye chumba cha watawa na kuketi sakafuni nyuma ya watu wote. Kulikuwa na kijiti cha ubani kwa kila mtu, na kikombe kidogo cha maji na bakuli la kuyamiminia, thawabu iende kwa unayemtaja. Alimimina polepole. Aliwataja majike watatu, akawaomba radhi, akawataja na watoto wao ambao hawakuwahi kuwa na majina. Akamtaja mdogo wake kwa jina lake kamili. Mstari mmoja mbele, Thawatchai alikuwa amegeuza shingo, anamtazama, anasubiri kutajwa.

Maji yalikuwa bado nusu kikombe. Lamyong aliyamimina yote kwa jina la Kannika.